Simu Huchaguliwa na Mkono Utakaoishika

Vijana wa kaunta, mliniaga kwa keki iliyoandikwa jina langu kwa makosa, nami nikaila bila kulalamika. Kisha mkaniomba niwaandikie mambo ya kazi kabla sijayasahau. Sijayasahau. Nimestaafu juzijuzi tu, na kilichochoka ni magoti, si kichwa. Lakini nimekubali kuandika, kwa sababu wiki iliyopita nilipita hapo dukani kununua kava nikamwona mmoja wenu, simtaji ila anajijua kwa ule mtindo wake wa nywele, akimwuzia mzee anayetetemeka mikono simu nyembamba kama biskuti, na mzee wa watu anashukuru. Siku ile nilinyamaza kwa adabu ya mstaafu. Leo sinyamazi.

Nilianza kazi duka likiwa nusu ya lilivyo sasa, pale karibu na soko la Kakamega. Simu zilikuwa za vitufe, na mtu akinunua yake anaipeleka kwanza kanisani iombewe. Mwenye duka alikuwa Bwana Athumani, mtu wa Mumias, ambaye alitoa salamu ya "Asalaam aleikum" hata akiingia stoo isiyo na mtu. Siku yangu ya kwanza hakunionyesha bei wala mahali pa kuweka mkoba. Alinipa soksi nzito ya sufu akasema, "Vaa mkononi."

Nikavaa. Akanipa simu. "Nipigie mimi."

Nilibonyeza kwa vidole vile vya soksi nikampigia mtu nisiyemjua, naye akaniuliza mimi ni mke wa nani. Bwana Athumani hakucheka. Akanivisha miwani iliyopakwa mafuta ya kujipaka, akaniambia nisome ujumbe. Akanitia pamba masikioni, akaniambia nisikilize. Mchana ulipofika nilikuwa nimeshindwa na simu zote za dukani, na mimi ndiye niliyekuwa nimeajiriwa kuziuza.

"Kitanda usichokilalia, hujui kunguni wake," akaniambia. "Sasa umekilalia kidogo. Uza pole pole."

Alikuwa na dada aliyeugua baridi yabisi, vidole vikakunjamana, na nadhani huyo dada ndiye aliyekuwa mwalimu wake. Lile sanduku la soksi, miwani na pamba bado liko chini ya kaunta. Nimesikia mnatumia soksi kufutia vumbi. Ifueni, mwivae.

Simu janja zilipoingia mji wetu, kila mtu alitaka ile kubwa inayong'aa, na sisi tukaziuza kwa kung'aa kwake. Aliyeturudisha shuleni alikuwa Mwalimu Ingutia, anayefundisha historia na haoni kabisa. Aliingia na fimbo yake nyeupe, kando yake kijana mmoja wa mjini. Mwenzangu wa kaunta akamgeukia yule kijana akamwuliza, "Anataka ya rangi gani?"

"Huyo hajui," Mwalimu akajibu. "Tumekutana hapo mlangoni."

Aliagiza tumwashie sauti inayosoma kilichoko kwenye skrini, akaisikiliza kila simu kama mkaguzi wa kwaya. Nyingine ilikuwa na sauti nzuri lakini inachelewa, unagusa leo inajibu kesho. Nyingine sehemu yake ya alama ya kidole ilikuwa chini ya kioo, mahali ambapo kidole hakihisi chochote, akairudisha. Alitaka ya ubavuni, yenye kishimo. Alitaka pia tundu la waya wa masikioni, kwa sababu vile visivyo na waya vikianguka sakafuni, akasema, itabidi atangaze redioni. Alipopata aliyoipenda akazima mwanga wote wa skrini, simu ikabaki nyeusi na yeye anaendelea kusoma ujumbe wake.

"Nyinyi mnaoonanga," akatuambia, "mnakulanga chaji bure."

Baada yake akaja Mzee Shitandi wa Shinyalu, mwenye kifaa cha kusikia. Ndani ya duka alisikia kila neno. Alipofika sokoni Khayega hakusikia hata moja, akafungulia spika mpaka mwisho, na kwa juma zima soko likajua mambo ya nyumba yake yote. Tangu hapo mteja wa masikio simjaribii simu ndani. Namtoa nje, pale waendesha boda wanaponguruma, nampigia nikiwa ng'ambo ya barabara. Mzee tulimbadilishia simu inayoungana na kile kifaa chake bila waya, sauti inaingia sikioni moja kwa moja. Akarudi tena analalamika. Ikawaje? Sasa mke wake hasikii ni nani anayempigia.

Mengine nayataja kwa kupita. Wakata miwa wengi alama za vidole zimelika kwa kazi, na simu inawakataa. Mmoja aliniuliza kwa uchungu kama basi yeye si mtu. Usibishane naye wala usimwambie aoshe mikono. Mwekee namba ya siri na mwende kwa lingine. Mgonjwa wa sukari ambaye vidole vimekufa ganzi atagusa kwa muda mrefu bila kujua, kwa hivyo ingia kwenye mipangilio uiambie simu ingoje. Na mzee wa kanisa aliyewekewa kifaa cha moyo msimwuzie kava yenye sumaku ili aiweke mfuko wa kifuani. Mwulize daktari wake alimwambia nini, na simu aibebe mbali na kifua.

Sasa niwape habari za Mama Rispa, maana hizo ndizo zilizonifundisha kuliko sanduku la Bwana Athumani.

Kwanza alikuja mwanawe, Geofrey, anayefanya kazi Nairobi. Alikuja kama wanavyokuja wana wote wa mbali, mbio mbio, ufunguo wa gari mkononi, anataka simu kubwa kuliko zote.

"Ni ya mamangu. Alipata kiharusi, mkono wa kulia haufanyi, na maneno yanatoka pole pole."

"Mama mwenyewe yuko wapi?"

"Nyumbani, Khayega. Mimi ndiye nanunua."

"Wewe ndiye unanunua," nikamwambia, "lakini mkono si wako. Mlete."

Alinuna, lakini kesho yake alimleta. Mama Rispa alikuwa mpishi wa shule miaka mingi, mwanamke mpana, mwenye jicho la kuhesabu sahani. Alishuka garini kwa mkongojo, akakaa, akaiangalia ile simu kubwa ambayo mwanawe alikuwa ameipenda.

"Hiyo," akasema, "ni sinia... ya arusi."

Nilivaa soksi nikakaa kando yake, tukajaribu pamoja. Kuzungumza na simu kulishindikana, kwa sababu ile sauti ya ndani haikuwa na subira na maneno yake. Kubonyeza kitufe cha ubavuni mara nyingi kwa haraka ili simu iite msaada pia kulishindikana. Kidole gumba cha kushoto kilikuwa kizima lakini hakikuwa na haraka. Tukapata simu ndogo, nyepesi, yenye kava ya mpira isiyoteleza, tukaifunga kamba avae shingoni. Kwenye skrini nikaondoa takataka zote nikaacha picha chache kubwa upande wa chini kushoto, kidole kinapofika. Anagusa uso wa mtu, simu inampigia kwa spika. Alijaribu kwa Geofrey, aliyekuwa amesimama hapo hapo.

"Haro, mama."

"Umekula?" akamwuliza. Duka zima likacheka, na yeye akacheka kwa upande mmoja wa mdomo.

Lakini Geofrey alikuwa na sharti. Alinieleza pembeni, na sauti yake haikuwa tena ya mtu wa ufunguo wa gari. Mama aliishi peke yake. Akiweza kuita msaada mwenyewe, abaki na ng'ombe wake, majani yake ya chai na kaburi la mzee. Akishindwa, Desemba atamchukua wakaishi Nairobi, ghorofa ya nne. Mama alikuwa amekwisha kumpa jibu lake, kwamba kuku hawapandi ngazi, lakini alijua mwanawe hatanii. Simu ile ndiyo iliyokuwa imeshikilia nyumba yake.

Geofrey ndiye aliyepanga picha. Ya kwanza ilikuwa ya Wycliffe, mume wa dada yake Everlyne. Everlyne anafundisha Chekalini na hurudi wikendi, lakini Wycliffe anaendesha boda pale pale Khayega. Akiitwa, maji ya ugali hayajachemka amefika. Ilikuwa hesabu safi. Mama akaitazama ile picha, akatazama mlango, hakusema kitu. Kwetu mtu akinyamaza tunaandika kwamba amekubali.

Hazikupita wiki nyingi, Mama Rispa akateleza jikoni asubuhi. Alilala sakafuni mpaka adhuhuri, alipokutwa na mama anayechukuanga maziwa. Hakuvunjika, ila nyonga ilivimba na baridi ilimwingia. Simu ilikuwa shingoni, imewaka, chaji imejaa. Hakuwa amempigia mtu yeyote.

Geofrey alisafiri usiku kucha. Alifika dukani akaiweka simu juu ya kaunta. "Madam Consolata, simu yako haifanyi."

Niligusa picha ya kwanza. Ikaita. Wycliffe akapokea, "Mama?" kwa sauti ya mtu aliyevua kofia.

Geofrey akashika kichwa. "Basi si simu. Na kidole kinaweza, tulikiona hapa. Ni akili imeenda." Akaichukua ile simu. "Desemba nampeleka. Hata akilia, nampeleka." Macho yake yalikuwa mekundu, na nilimwonea huruma, kwa sababu mwana anayeogopa kumpoteza mama huwa anafanana sana na mwana mkali.

Lakini sikuamini habari ya akili. Mtu anayeita simu sinia ya arusi akili yake ina makao. Jumapili baada ya ibada nikapanda boda mpaka Khayega. Nilimkuta Wycliffe nje, karibu na tangi la maji, amesimama na mkate na sukari mkononi. Hakuingia. Alimsalimia mama mkwe wake kupitia ukutani, akamwuliza hali kupitia ukutani, akanipa mimi ule mkate niuingize, kisha akaenda zake akiwa ameinamisha kichwa. Ndivyo inavyopasa. Kwetu mkwe na mama mkwe hawashikani mikono, na yeye aliingia nyumba ile siku za sherehe tu, akakaa karibu na mlango.

Ndani Mama Rispa alikuwa kitini, Geofrey kando yake.

"Mama, ulipoanguka, picha uliiona?"

"Niliiona."

"Kidole kilikataa?"

"Hakikukataa." Akanikazia lile jicho la sahani. "Wewe... uko na mkwe?"

"Ninaye, mama."

"Umeanguka... leso imefunguka... miguu huku, miguu huko. Utamwita... akubebe?"

Nikamfikiria mkwe wangu, mhandisi mzima, ambaye mpaka leo akinisalimia anaviangalia viatu vyake. "Singemwita, mama," nikasema. "Ningelala hapo mpaka Pasaka."

"Sasa... umeona."

"Lakini Everlyne ungempigia," Geofrey akasema.

"Ako Chekalini. Angempigia nani?"

Geofrey akavuta kiti karibu.

"Na wewe... uko Nairobi. Ungempigia nani?"

"Wycliffe," akasema Geofrey kwa sauti ndogo. Kisha akainuka, akatembea hadi dirishani akarudi. "Mama, kwa hivyo ungekufa hapo chini, kwa sababu ya aibu?"

"Si aibu," akamjibu. "Ni heshima."

Nilitaka kucheka na nilitaka kulia, sikujua nianze na kipi. Simu ilikuwa inamfaa mkono, inalifaa jicho, inaufaa ulimi wake mzito, na katikati tumeweka mtu ambaye desturi haimruhusu hata kumshika bega. Hakuna kiwanda kilichofikiria jambo hilo, na sisi tuliozaliwa humu ndani tulikuwa tumekazana na mipangilio.

Nikamwuliza ni nani basi aliye karibu anayeweza kumwona leso ikiwa imefunguka. Aliitazama leso yake. Kisha akaelekeza kidevu dirishani, kwenye ua wa michongoma, na ng'ambo ya ua ilikuwa nyumba ya Finike, mke mwenzake.

"Mama mdogo?" Geofrey akashangaa. "Hamjasalimiana tangu mazishi ya baba."

Waligombana juu ya jeneza. Mila inasema mwili ulale nyumba ya mke wa kwanza, nao ukalala kwa Rispa. Finike alisema yeye ndiye aliyemwuguza mzee, angepewa hata saa chache za kuomboleza naye. Hakupewa. Tangu hapo ng'ombe zilikuwa zinavuka ule ua, salamu hazivuki.

"Kumwita," Mama Rispa akasema, "si kumsalimia."

Nilitumwa mimi, kwa kuwa mimi si wa boma. Finike alikuwa anapukuchua maharagwe. Nilimweleza kwamba nimekuja kumpiga picha, akauliza ya kazi gani.

"Iwekwe kwenye simu ya Mama Rispa. Akianguka akuite."

"Ni yeye amesema, ama ni nyinyi?"

"Ni yeye."

Alipukuchua maganda kadhaa bila kuniangalia. Halafu akajipangusa uso kwa ncha ya leso, akakaa wima. "Piga haraka kabla sijabadilisha." Kwenye picha alitoka kama mtu aliyepewa chai isiyo na sukari, na ndivyo nilivyoiweka, ya kwanza, mahali palipokuwa pa Wycliffe. Simu yake yeye ilikuwa mulika mwizi, ile ya vitufe na tochi, iliyofutika namba. Niliipandisha mlio mpaka mwisho nikaenda zangu. Wycliffe alipoambiwa ameondolewa, nasikia alishukuru Mungu.

Desemba ikafika. Geofrey alikuja na gari, kwa sababu hofu haiondoki kwa picha moja. Alinisimulia mwenyewe baadaye. Mabegi yalikuwa mlangoni, na mama amekaa kitini, amevaa sweta ya safari. Akamwambia, "Ngoja," akainua simu kwa mkono wa kushoto, akagusa.

Finike hakupitia langoni. Alipenya kwenye michongoma, mwiko mkononi, obusuma, ugali wetu, bado umeganda kwenye mwiko, leso imechanika kwa miiba. Alimkuta mwenzake amekaa vizuri.

"Umeanguka?"

"Bado."

"Sasa umeniitia nini?"

"Huyu... anataka kunipeleka."

Finike akayaona mabegi. Alihema kwanza. Kisha akamgeukia Geofrey, na yale hayakuwa maneno ya kumwomba.

"Ukimpeleka, nipeleke na mimi. Mimi nitabaki hapa nikinuniana na nani?"

Geofrey aliniambia aliinama pale mlangoni. Aliyabeba mabegi mwenyewe akayarudisha chumbani, na alipotoka aliwakuta wale wamama wawili wanabishana kama obusuma ule ulikuwa umeiva au ni mbichi.

Wiki yangu ya mwisho kazini Finike alikuja dukani, peke yake. Alikaa kwenye kile kiti tunachowawekea wagonjwa, akatoa mulika mwizi yake akaiweka kaunta.

"Nataka ile ya picha," akasema. "Namba sizionangi. Macho yangu yako na ukungu tangu mwaka jana. Mlio nausikia, lakini nikitaka kupigia mtu, siwezi."

"Na daktari wa macho?"

"Nitaenda. Sikuwa nimeambia mtu. Ningeambia nani?"

Nilivaa ile miwani ya mafuta tukachagua pamoja. Tulichukua yenye maandishi makubwa, manjano juu ya weusi, kwa sababu weupe ulimchoma macho, na nikazipanua picha hadi zikajaa skrini. Nikamwuliza ya kwanza iwe ya nani.

"Weka Rispa."

Nikamkumbusha, kwa upole, kwamba Mama Rispa anatembea kwa mkongojo. Akimwita, atachukua muda mrefu sana kuvuka ule ua.

"Ni sawa," akasema. "Nitamngoja."